Rosemary Kennedy na Nduguze

Uhusiano ulio mrefu kuliko yote katika maisha ya binadamu ni ule wa ndugu waliozaliwa tumbo moja. Wazazi aghalabu hutangulia kufa, mume na mke hukutana ukubwani, na watoto huja baadaye. Lakini ndugu huanza kujuana kabla hawajajua kusema, na wakijaliwa umri mrefu, hujuana mpaka uzeeni. Ijapokuwa ni hivyo, historia imeweka habari chache mno juu ya ndugu wa watu wenye ulemavu wa akili. Mengi yameandikwa juu ya wazazi wao, matabibu wao, na sheria zilizowahusu. Ndugu waliolala nao chumba kimoja na kula nao sahani moja wametajwa kwa nadra, kana kwamba walikuwa wapangaji katika nyumba za baba zao. Methali ya Kiswahili yasema kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo hujaribiwa sana pale ndugu mmoja asipofanana na wengine katika jambo ambalo ulimwengu hulitukuza, nalo ni wepesi wa akili.

Ukoo mmoja ambao habari zake za namna hii zimehifadhiwa kwa wingi ni ule wa Joseph na Rose Kennedy wa Marekani. Watu hawa walizaa watoto tisa. Katika hao tisa, John alikuwa Rais wa nchi, Robert na Edward walikuwa maseneta, na Rosemary, mtoto wa tatu, alikuwa na akili iliyokwenda polepole. Sifa za wale wanaume watatu zimejaza vitabu. Walakini yafaa kuuliza swali jingine: Rosemary aliwafundisha nini nduguze, na wao walimtendea nini? Jibu lake si la kusifia tupu wala la kulaumu tupu.

Desturi ya kuwatenga watu wa namna hii katika koo zenye cheo haikuanzia Marekani. Katika Uingereza ya karne ya kumi na nane, kasisi George Austen na mkewe walikuwa na watoto wanane, na mmoja wao ni Jane, mtunzi mashuhuri wa riwaya. Mtoto wao wa pili, aliyeitwa George kwa jina la baba yake, alizaliwa 1766 akawa na maradhi na upungufu ambao haukumwezesha kuishi kama wengine. Alitolewa nyumbani, akawekwa katika kijiji cha Monk Sherborne pamoja na mjomba wake aliyekuwa na hali kama yake, huku ukoo ukilipa gharama za kumtunza. Aliishi huko mpaka alipokufa 1838, miaka 21 baada ya kufa umbu lake Jane. Hakuteswa wala hakunyimwa chakula. Alinyimwa nafasi katika habari za nyumba yake. Watoto wa koo kama hizo walikua wakijua kuwa wana ndugu mahali fulani, na kwamba si adabu kumtaja.

Karne ya ishirini iliongeza hofu juu ya ukimya huo. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga huko Ufaransa mtihani wa kupima akili za watoto, na kusudi lao lilikuwa kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada zaidi darasani. Mtihani huo ulipovuka bahari na kufika Marekani uligeuzwa kazi. Henry Goddard, mkuu wa utafiti katika chuo cha Vineland, New Jersey, aliutumia kuwapanga watu kwa madaraja ya upungufu, na katika kitabu alichokitoa 1912 alidai kwamba upungufu wa akili hurithiwa kutoka kizazi hata kizazi pamoja na uhalifu na ufukara. Utafiti huo ulikuja kukataliwa na wataalamu, lakini ulikuwa umekwisha fanya kazi yake. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Buck na Bell kuwa serikali ya jimbo yaweza kumfunga kizazi kwa nguvu mtu aliyehesabiwa kuwa na upungufu wa akili.

Ni lazima kuelewa uzito wa mambo hayo katika nyumba yenye watoto wengi. Ikiwa upungufu ni sumu iliyomo katika damu, basi mtoto mmoja mwenye upungufu ni ushahidi dhidi ya nduguze wote. Dada zake watachunguzwa kabla ya kuposwa, na kaka zake watatiliwa shaka kabla ya kupewa kazi. Kwa hiyo wazazi waliomficha mtoto mmoja walidhani wanawaokoa wengine wanane. Hapo ndipo penye mzizi wa siri nyingi za miaka ile. Haikuwa ukosefu wa mapenzi peke yake.

Rosemary alizaliwa tarehe 13 Septemba 1918 katika Brookline, karibu na mji wa Boston, wakati homa kubwa ya mafua ilipokuwa ikiwaua watu kwa maelfu. Inasimuliwa kuwa tabibu alichelewa kwa sababu ya wingi wa wagonjwa, na muuguzi akamzuia mama asijifungue mpaka tabibu afike. Wengi wamedhani kuwa kucheleweshwa huko ndiko kulikomdhuru mtoto. Kabla yake walikuwa wamezaliwa Joseph mwaka 1915 na John mwaka 1917. Baada yake walifuata Kathleen, Eunice, Patricia, Robert, Jean na Edward, kitinda mimba, aliyezaliwa 1932.

Tofauti ilionekana mapema. Rosemary alichelewa kutambaa, kutembea na kusema. Katika darasa la watoto wadogo alibakizwa arudie, huku wadogo zake wakimkaribia na kumpita. Pengine hakuna jambo linalomfundisha mtoto habari ya ulemavu kwa uchungu zaidi kuliko hilo la mdogo kumpita mkubwa. Kathleen alizaliwa mwaka mmoja na miezi michache baada yake, na Eunice mwaka uliofuata. Wote wawili walisoma, wakaalikwa na kutembea peke yao wakati dada yao akihitaji mtu wa kumwandama.

Nyumba yenyewe haikuwa rahisi kwa mtu wa polepole. Joseph Kennedy aliwalea watoto wake kwa mashindano, na kushindwa kulihesabiwa kuwa aibu. Wakati wa chakula waliulizwa habari za siasa na za dunia. Baharini, huko Hyannis Port, walishindana kwa mashua. Katika nyumba ya namna hiyo jambo la ajabu ni kuwa nduguze Rosemary hawakumwacha nyuma. Eunice alimchukua katika mashua yake wakati wa mashindano, akampa kazi aliyoiweza ya kushughulikia tanga dogo la mbele. Mashua ilihitaji mikono, na mikono ya Rosemary ilikuwa miongoni mwa mikono. Kaka zake walimpeleka kwenye dansi, wakacheza naye na kuwaomba rafiki zao wacheze naye, asije akakaa peke yake kandokando ya ukuta. Wazazi walikuwa wameagiza asitengwe, na watoto waliitimiza amri hiyo mpaka ikawa tabia yao.

Yafaa kutambua pia upande wa pili wa malezi hayo. Watoto walifundishwa kumshirikisha dada yao, na papo hapo walifundishwa kuficha sababu ya kumshirikisha. Kwa watu wa nje Rosemary alikuwa mwenye haya, au mtulivu, au asiyependa masomo. Walijifunza upendo na siri kwa mwalimu mmoja na katika somo moja, na mafunzo hayo mawili yalishindana ndani yao kwa miaka mingi.

Tangu alipokuwa na umri wa miaka 11 Rosemary alihamishwa kutoka shule hata shule, kuanzia shule ya Devereux katika Pennsylvania. Alijifunza kusoma na kuandika, na barua zake kwa baba yake zimejaa hamu ya kumpendeza. Mwaka 1938 Joseph Kennedy alipelekwa London kuwa balozi. Mwezi Mei mwaka huo Rosemary alivaa nguo nyeupe, akapelekwa pamoja na mama yake na Kathleen mbele ya Mfalme na Malkia wa Uingereza. Alikuwa amefanya mazoezi ya kuinama kwa saa nyingi, na ingawa inasemekana alijikwaa kidogo, waliokuwapo walimsifu kwa uzuri wake. Baadaye alitiwa katika shule ya watawa iliyofuata njia ya Maria Montessori, ambamo kila mtoto huendelea kwa mwendo wake mwenyewe. Hapo alistawi kuliko popote. Aliwasomea hadithi watoto wadogo, akaonekana mwenye furaha na kazi. Vita ilipotokea mama na ndugu walirudi Marekani mwaka 1939, lakini yeye alibaki mpaka 1940 kwa sababu mahali pale palimfaa.

Kurudi kwake kulikuwa kama kung'olewa kwa mche ulioshika. Alikuwa na umri wa miaka 21. Nduguze walikuwa vyuoni, makazini na safarini, naye aliona waziwazi kuwa uhuru waliopewa wao hakupewa yeye. Alianza kuwa na hasira na kutokwa na maneno makali, na alipowekwa katika nyumba ya watawa huko Washington alikuwa akitoroka usiku. Waandishi wengine wa habari zake wameona katika mambo hayo dalili za maradhi ya akili yaliyoongezeka juu ya upungufu wake. Wengine wameona hasira ya kawaida ya mwanamke mzima aliyefungiwa. Baba yake aliona hatari. Aliogopa kuwa binti yake atadhuriwa njiani, na aliogopa pia fedheha itakayowaangukia wanawe aliowaandaa kwa ukubwa.

Wakati huo palikuwa na tiba mpya iliyosifiwa magazetini, nayo ni lobotomia, yaani kuikata sehemu ya mbele ya ubongo itengane na sehemu nyingine. Ilianzishwa Ureno na Egas Moniz mwaka 1935, na mwaka uliofuata Walter Freeman na James Watts waliileta Marekani. Waandishi wa wasifu wa ukoo huu wamesimulia kuwa Kathleen, aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti moja la Washington, aliuliza habari za tiba hiyo kwa mwandishi mwenzake aliyeichunguza, akamwambia mama yake kuwa si jambo la kufanyiwa Rosemary. Neno la dada halikuzuia amri ya baba. Mnamo Novemba 1941 Rosemary alipasuliwa na Watts mbele ya Freeman. Hakulazwa usingizi, aliambiwa aimbe, ahesabu na asali, nao waliendelea kukata mpaka maneno yake yalipovurugika.

Alikuwa na umri wa miaka 23. Kabla ya siku ile aliweza kuandika barua, kucheza dansi na kuwasomea watoto. Baada yake hakuweza kutembea wala kusema, na hata miezi ya mafunzo ilipopita alirudishiwa hatua chache na maneno machache tu. Mkono wake mmoja na mguu wake havikupona kamwe. Alikuwa na upungufu aliozaliwa nao, ambao aliweza kuishi nao. Akaongezewa mwingine kwa mkono wa binadamu, ambao haukuweza kuponywa.

Kisha ukafuata ukimya. Rosemary aliwekwa katika hospitali ya watu binafsi katika jimbo la New York, na mwaka 1949 akahamishiwa St. Coletta, mahali palipotunzwa na watawa karibu na mji wa Jefferson, Wisconsin, akajengewa nyumba yake. Katika barua ambazo mama aliwaandikia watoto wake wote, zikienda kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine, jina lake lilitoweka. Joseph, kifungua mimba, aliuawa vitani Agosti 1944, na Kathleen akafa katika ajali ya ndege 1948. Hao wawili waliliwa matanga. Mtu huweza kumlilia aliyekufa. Lakini dada aliye hai na asiyetajwa hana siku ya kuliliwa wala siku ya kutembelewa. John alipogombea urais mwaka 1960 watu waliouliza habari za dada yake walipewa maelezo yasiyolingana: mara kwamba amejitolea kuwahudumia watoto wenye ulemavu, mara kwamba aliugua homa ya uti wa mgongo utotoni.

Haiwezi kusemwa kuwa zama zile ziliwalazimisha watu wote kutenda vivyo hivyo. Katika miaka hiyo hiyo Charles de Gaulle na mkewe Yvonne walikuwa na binti, Anne, aliyezaliwa 1928 akiwa na sindromu ya Down. Alikuwa na kaka, Philippe, na dada, Élisabeth. Wazazi hao walikataa kumtoa nyumbani. Alihama nao wakati wa vita kwenda Uingereza na kisha Algiers, na kaka na dada yake walikua wakimwona baba yao, mtu mkavu mbele ya watu, akimwimbia na kucheza naye. Anne alikufa Februari 1948 akiwa na umri wa miaka 20, na wakfu wenye jina lake uliendelea kuwatunza wasichana wenye hali kama yake. De Gaulle alipokufa 1970 alizikwa kando ya binti yake. Kumweka mtoto nyumbani kuliwezekana, basi, hata kwa watu wa cheo na hata katikati ya vita.

Mabadiliko kwa Marekani hayakuanza na ukoo wa Kennedy, na si haki kuwapa sifa yote. Mwaka 1950 wazazi kutoka majimbo mbalimbali walikutana Minneapolis wakaunda chama cha nchi nzima cha kuwatetea watoto wao. Mwaka huo huo Pearl Buck, mtunzi aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel, alichapisha habari za binti yake, na mwaka 1953 mcheza sinema Dale Evans akaandika juu ya mtoto wake aliyefariki. Wazazi walikuwa wamekwisha anza kusema. Kilichobaki ni sauti ya ndugu.

Sauti hiyo ilikuwa ya Eunice. Mwaka 1946 baba yake alikuwa ameanzisha taasisi ya hisani kwa ukumbusho wa Joseph aliyeuawa vitani, na katika miaka ya mwisho ya 1950 Eunice na mumewe, Sargent Shriver, waliielekeza katika utafiti juu ya ulemavu wa akili. Waligundua kwa kuzunguka vyuo vikuu na hospitali kuwa jambo hilo lilikuwa limetupwa: wataalamu walikuwa wachache, fedha chache, na maelfu ya watu walifungiwa katika majumba yenye uvundo. Kaka yake alipokuwa Rais, Eunice hakumwacha apumzike. Oktoba 1961 John aliunda tume ya wataalamu, nayo ikatoa taarifa yake mwaka uliofuata. Tarehe 5 Februari 1963 alilipelekea Bunge ujumbe maalumu juu ya maradhi ya akili na ulemavu wa akili, na mnamo Oktoba mwaka huo alitia sahihi sheria mbili za kutoa fedha kwa ajili ya kinga, utafiti, mafunzo ya walimu na huduma. Aliuawa majuma matatu baada ya kutia sahihi sheria ya pili.

Lakini tendo la Eunice lililohitaji ushujaa zaidi lilikuwa kuandika. Tarehe 22 Septemba 1962, gazeti la Saturday Evening Post lilichapisha makala yake ambayo ndani yake dada wa Rais alitamka mbele ya taifa zima kuwa Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili. Alieleza utoto wao, mashua na michezo, na wasiwasi wa mama yao. Alisema kuwa jambo hilo huweza kutokea katika nyumba yoyote, ya tajiri au ya maskini. Ukweli aliousema ulikuwa nusu, maana hakuutaja upasuaji. Msomaji aliambiwa tu kuwa ilionekana Rosemary atakuwa na furaha zaidi katika nyumba ya kutunzwa. Mama yao aliutaja upasuaji katika kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1974, na habari zake kamili zilijulikana baadaye. Hata hivyo, nusu ile ilitosha kufungua milango mingi. Mzazi wa kijijini aliyemficha mwanawe aliona kuwa hata nyumba ya Rais ina mtoto kama wake.

Miezi mitatu kabla ya makala hayo Eunice alikuwa amefungua uwanja wa nyumba yake katika Maryland uwe kambi ya michezo. Watoto zaidi ya 30 wenye ulemavu wa akili walikuja kuogelea, kupanda farasi na kucheza mpira, kila mmoja akiwa na kijana wa kumwongoza, na watoto wa Eunice mwenyewe wakicheza nao. Wataalamu wengi wa wakati ule walidhani watoto wa namna hii hawawezi michezo na wataumia. Eunice hakuhitaji kitabu cha kuwapinga, kwa kuwa alikwisha kumwona dada yake akishughulikia tanga katika upepo. Kambi hiyo ilikaribisha kambi nyingine. Katika mji wa Chicago mwalimu mmoja wa michezo alipendekeza mashindano ya mji wake, na Eunice akayataka yawe ya nchi nzima. Tarehe 20 Julai 1968 wanamichezo kama 1,000 kutoka Marekani na Kanada walikusanyika katika uwanja wa Soldier Field, nayo ikawa Special Olympics ya kwanza. Robert alikuwa ameuawa majuma sita tu kabla ya siku hiyo.

Ndugu wengine nao waliuchukua mzigo, kila mmoja kwa upande wake. Mwaka 1965 Robert, akiwa seneta wa New York, alikwenda bila kutazamiwa katika jumba la Willowbrook, lililojengwa kwa watu 4,000 na kujazwa zaidi ya 6,000, akaufananisha uchafu na mateso aliyoyaona na shimo la nyoka. Jean alianzisha mwaka 1974 chama cha sanaa kwa watu wenye ulemavu. Edward alitumikia Seneti kwa zaidi ya miaka 46, na alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya 1990 iliyokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika kazi na huduma za umma. Harakati iliyoanzia katika uwanja wa nyumba imefika mbali: mwaka 2019 mashindano yake ya dunia yalifanyika Abu Dhabi, nayo yalikusanya wanamichezo zaidi ya 7,000, wakiwamo wa Kenya na Tanzania.

Je, wema huo unafuta lile lililotendeka 1941? Wengine hupenda kusema kuwa dhiki ya Rosemary ilikuwa mbegu ya faraja ya mamilioni. Maneno hayo yana hatari ndani yake. Rosemary hakuulizwa kama yuko tayari kuwa mbegu. Wala nduguze, waliokuwa wakimjua kwa mashua na dansi, hawakuketishwa barazani siku ilipokatwa shauri juu ya kichwa chake. Mmoja aliyenena hakusikizwa. Laiti wangalisikizwa, huenda angaliishi maisha madogo yenye furaha katika shule ya Montessori, na dunia isingalimjua. Kwa haki ya mtu mmoja hilo lilikuwa bora. Kazi ya Eunice yafaa kuitwa deni lililolipwa kwa wengine baada ya mwenye haki kudhulumiwa, na deni la namna hiyo hulipwa bila ya kwisha.

Jambo lililo wazi zaidi katika historia hii ni kwamba nguvu ya Eunice ilitoka katika miaka waliyoishi pamoja. Kama Rosemary angalitolewa nyumbani mchanga, kama George Austen, nduguze wangalirithi jina lake tu, nalo la kunong'onwa. Walikuwa na zaidi ya jina: walikuwa na sauti yake, kicheko chake, ukaidi wake na mikono yake katika kamba za mashua. Siri ya miaka 20 haikuweza kuyafuta hayo. Mtoto anayekua na ndugu mwenye ulemavu wa akili hupata elimu ambayo wataalamu huichelewa, kwa sababu humjua mtu kabla ya kujua jina la upungufu wake.

Majina yenyewe yana historia. Lugha ya sheria ya Marekani ilimwita mtu wa namna hii aliyecheleweshwa, kama vile neno la Kiswahili taahira lilivyo wa ukoo mmoja na taahiri, yaani kuchelewa. Maneno yote mawili yalianza kwa upole, na yote mawili yakageuka matusi midomoni mwa watu. Tarehe 5 Oktoba 2010 Marekani ililiondoa neno hilo katika sheria zake nyingi za elimu, afya na kazi, na badala yake likatiwa ulemavu wa akili. Sheria hiyo huitwa Sheria ya Rosa, kwa jina la msichana mdogo wa Maryland, na miongoni mwa waliomtetea mbele ya watunga sheria wa jimbo lake alikuwamo kaka yake, aliyewaambia kuwa namna mtu anavyoitwa ndiyo namna anavyotendewa. Safari hii, ndugu alinena akasikizwa.

Rosemary aliishi St. Coletta zaidi ya nusu karne. Tangu baba yake alipopooza Desemba 1961, pazia lilianza kufunguka kidogo kidogo. Mama yake alikwenda kumwona, na katika miaka iliyofuata Eunice alimchukua nyumbani kwake mara kwa mara, wakaogelea na kwenda kanisani pamoja, na wajomba na mashangazi wakawafundisha watoto wa kizazi kipya kumwita kwa jina. Alifariki tarehe 7 Januari 2005 katika Wisconsin akiwa na umri wa miaka 86, akiwa wa kwanza katika wale tisa kufa kwa uzee wala si kwa vita, ajali au risasi. Wanne walikuwa wamebaki hai, Eunice, Patricia, Jean na Edward, na wote wanne walikuwapo kitandani pake. Aliyekuwa ametolewa katika barua za nyumbani kwao alizikwa Brookline, mji aliozaliwa, kando ya wazazi wake.